Alama Zimepanda

Baba mkwe wangu alifundisha shule ya msingi miaka yote aliyokuwa na nguvu zake, hesabu asubuhi na imla mchana, na mji mzima unamjua kwa jina la Mwalimu Sifuri. Jina hilo halikutoka hewani. Alikuwa anagawa sifuri kama mtu anayegawa pipi harusini, kwa moyo mkunjufu na bila kuuliza baba yako ni nani. Mzazi akienda kumbembeleza amwongezee mtoto alama mbili tatu, mwalimu alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mzee mwenzangu, namba haina shangazi." Yaani huko hakuna wa kukuonea huruma. Mume wangu mwenyewe alilambwa sifuri ya imla na baba yake mzazi, na mpaka leo akiandika ujumbe wa simu anausoma mara tatu kabla ya kuutuma.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya hospitali. Kazini wananiita Mama Mirija, kwa sababu mrija wa damu ukiletwa kwangu bila jina, au ukiwa umetikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi, naurudisha ulikotoka na maneno juu. Nina mdomo, sikatai. Lakini mbele ya baba mkwe mdomo huo nilikuwa naukunja na kuuweka mfukoni. Siku niliyotambulishwa kwao, wengine waliniuliza ukoo, yeye akaniuliza kazi.

"Napima damu, baba."

"Zinatoka namba?"

"Zinatoka namba."

"Basi karibu nyumbani."

Nikampenda papo hapo, na tangu siku ile sikuwahi kumbishia hata kwa kukohoa.

Msimu ninaousimulia, homa ya mapafu ilikuwa imeingia mjini, ile inayoletwa na kirusi na kuanza na mafua ya kawaida. Wengi waliugua na kupona nyumbani kwao. Wachache walizama ghafla, na shida ni kwamba mwanzoni huwezi kuwatenganisha kwa macho. Unamkuta mtu amekaa kitandani anapiga soga na kudai chai, ukimwona tena anahema kama aliyetoka kupandisha gunia ghorofani. Ndiyo maana tunakwenda kuiuliza damu. Mwili ukiwaka uvimbe ndani, kuna protini moja inayopanda. Damu ikianza kuganda mahali isipotakiwa, kuna mabaki yanayoongezeka. Halafu kuna askari, chembe nyeupe za kinga, ambao katika ugonjwa huu hupungua. Kipimo kimoja peke yake hakinitishi. Lakini protini na mabaki vikipanda pamoja huku askari wakishuka, na vikarudia hivyo hivyo kipimo kinachofuata, mimi sisubiri mtu aniulize. Nanyanyua simu.

Vipimo hivyo vyote hospitali kwetu tuliviita kwa jina moja, alama za damu. Lilikuwa neno fupi, rahisi, na mimi mwenyewe nilikuwa nalitumia kutwa.

Baba mkwe alilazwa akiwa na kikohozi na oksijeni kidogo ya mrija wa puani. Alikataa kuwa mgonjwa. Alimsahihisha mfagiaji namna ya kushika fagio, akamwuliza jirani yake wa kitanda jedwali la saba kwa kurukaruka, na kila nilipopita kumwona alinifukuza kwa upole. "Nenda kazini, mkwe. Watu wanasubiri namba zao."

Mchana wa siku ninayoisema, damu yake ikaja kwangu kwa mara nyingine. Mashine ikamaliza, nikasoma kwenye skrini, nikasoma tena. Protini ilikuwa imepanda kupita ya asubuhi. Mabaki yalikuwa yameongezeka karibu mara mbili. Askari walikuwa wamepungua mpaka nikatamani kudhani ni kosa la mashine. Nikarudia kupima. Mashine haikuwa na kosa.

Nikampigia daktari wa wodi, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye ana sifa moja ninayoiheshimu kuliko zote: anasoma majibu nikiyatuma.

"Za asubuhi nilishaziona, na hizi ni mbaya zaidi," akasema. "Kwa macho bado yuko vizuri, lakini sitaki kumsubiri azidiwe. Chumba cha uangalizi maalumu kuna mashine moja ya oksijeni ya kasi haina mtu. Namhamishia huko leo hii."

"Haina mtu mpaka lini?"

"Kuna mgonjwa anatafutiwa nafasi kutoka kituo kingine. Naishikilia hadi jioni, Mama Mirija. Zaidi ya hapo nitakuwa namdhulumu mtu."

Nikashukuru, nikavua glavu, nikapanda ngazi kwenda kumwambia baba mwenyewe. Nikakuta kitanda kitupu. Shuka limekunjwa kwa pembe nne zilizonyooka, mrija wa oksijeni umezungushwa vizuri na kuning'inizwa ukutani.

"Yuko wapi?" nikamwuliza muuguzi.

"Si ameruhusiwa?"

"Ameruhusiwa na nani?"

Muuguzi akaanza kupoteza rangi. "Alisema daktari kamwambia alama zimepanda. Nikamwuliza, mwalimu, una uhakika? Akaniuliza mimi nilipata ngapi ya hesabu darasa la sita. Alinifundisha, unajua. Nikampa fomu ya kuondoka kwa hiari yake. Akasaini, na akanisahihishia tahajia."

Nilisimama pale nimeshika kichwa. Daktari alikuwa amepita asubuhi, akamwambia mzee kwa sauti yake ile ya chini, "Mwalimu, alama zako zimepanda tangu jana, nitarudi tuongee." Kabla hajarudi akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Mwambie mtu mwingine yeyote maneno hayo, atauliza maana yake. Lakini huyu ni mtu aliyeishi maisha yake yote akijua jambo moja kuhusu alama, kwamba zikipanda umefaulu, na aliyefaulu anafunga shule anakwenda nyumbani.

Nikampigia mume wangu. Nyuma yake nilisikia vicheko na vikombe.

"Mke wangu! Nilikuwa nakupigia! Baba huyu hapa, nimemleta mwenyewe na gari. Alama zimepanda! Zote!"

"Nani kakwambia kupanda ni kuzuri?"

"Sasa kupanda kukawa kubaya lini?"

Nikakata simu. Nilichukua kile kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni, nikakitia mfuko wa koti, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama langoni. Dereva akaniuliza niko na haraka kiasi gani. Nikamwambia aendeshe kama anadaiwa.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi, viatu vya wageni vimejaa kizingitini. Sebuleni baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha mikono, koti limefungwa vifungo vyote, kikombe cha chai kwenye kisahani mbele yake. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa anakata keki. Majirani watatu wamejibana kwenye kochi, hakuna hata mmoja mwenye barakoa, na madirisha yote yamefungwa ili mzee asipigwe na upepo.

Nikavaa barakoa, nikafungua madirisha moja baada ya jingine, nikawaambia majirani ahsanteni kwa kuja na kwaherini. Walitoka bila kuuliza. Wifi alinitazama kama nimepanda kitandani kwake na viatu.

"Mkwe," baba akasema. "Hujani... salimia."

Kweli sikuwa nimemsalimia. Katika hali yoyote ile, hata nyumba ikiungua, mzee huyu husalimiwa kwanza ndipo azimiwe moto.

"Shikamoo, baba."

"Mara," akasema. Akavuta pumzi. "Haba."

Neno moja, pumzi mbili. Wengine hawakulisikia. Walikuwa wamezoea kumtazama baba yao, na baba yao alikuwa anatabasamu. Mimi niliona midomo yake imeingia rangi ya zambarau pembeni. Niliogopa, nasema kweli. Nilikuwa nimezisoma zile namba kwenye skrini, na sasa zilikuwa zimekaa mbele yangu kwenye kiti cha mikono zinakunywa chai.

Nikamwomba mkono, nikambana kile kipimo kidoleni. Kikafikiri kidogo, kisha kikaandika.

"Themanini na nne!" wifi akasoma kwa sauti, akapiga makofi na kisu kikiwa mkononi. "Baba, themanini na nne!"

Baba akainua nyusi, ameridhika. "Enzi zangu... hiyo ni... ya zawadi."

"Kwenye mtihani huu chini ya tisini ni kufeli," nikasema. "Tunarudi hospitali. Sasa hivi. Kuna mashine imewekwa kwa ajili yako, baba, na ikifika jioni anapewa mtu mwingine."

Mume wangu akanivuta pembeni, lakini ile sebule haina pembeni ya maana, kila mtu alisikia. "Wewe nawe. Mtu anacheka, anakula keki, unataka kumwua kwa hofu? Daktari mwenyewe kasema zimepanda."

"Amesema zimepanda. Hakusema ni nzuri."

"Alama... ikipanda," baba akasema kutoka kwenye kiti, "ni nzuri. Hilo halina... mjadala."

"Baba, huo ni upuuzi!"

Lilitoka. Wala halikupitia kichwani, lilitoka moja kwa moja kifuani. Kisu cha wifi kikasimama katikati ya keki. Mume wangu akatazama sakafu kama kuna kitu kimemdondokea. Katika nyumba ile, neno upuuzi alilitumia mtu mmoja tu, na hakuwa mkwe.

Baba akaweka kikombe chini polepole. "Rudia."

"Nimesema ni upuuzi, baba. Nakuomba unisikilize, halafu hiyo adhabu utanipa ukipona, nitaipokea yote."

Akanitazama. Ni macho yaliyowahi kuwanyamazisha watoto wa mji mzima, na baadhi yao sasa wana vitambi na madaraka. "Eleza," akasema.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake ili asihangaike kunyanyua kichwa. "Ulipokuwa unasahihisha imla, ulikuwa unahesabu nini?"

"Makosa."

"Mtoto akiwa na makosa matano jana, leo akawa na kumi na mawili, hesabu imepanda au imeshuka?"

"Imepanda."

"Amefaulu?"

Kifua chake kilikuwa kinakwenda juu na chini, haraka haraka, kama cha mtoto mwenye homa.

"Ndizo hizo zako, baba. Hizi tunazoziita alama za damu si alama za kufaulu. Ni makosa. Tunahesabu makosa. Jana yalikuwa machache, asubuhi yakaongezeka, mchana huu nimeyapima kwa mikono yangu na yameongezeka tena. Wa kupanda walikuwa askari wa mwili wako, na hao ndio wanashuka."

Alitazama kidole chake. Kipimo sasa kilisoma themanini na tatu. Niliona kichwa chake kinafanya kazi, kinapanga na kupangua, na nilijua nikisema neno moja zaidi nitakuwa namharibia hesabu.

"Nani," akasema mwisho, "aliyaita... alama?"

"Sisi."

"Sisi... nani?"

"Hospitali nzima. Na mimi nikiwemo."

"Sifuri," akasema. "Wote."

"Tumepokea, baba."

"Lakini mimi... najisikia... vizuri."

Sauti yake ilikuwa imepoa, si ya kubisha tena, na hiyo iliniumiza kuliko yote yaliyotangulia. Alikuwa ananiomba. Mtu ambaye hakuna mzazi aliyewahi kumpata kwa kubembeleza alikuwa ananibembeleza mimi, kwa macho, nimwongezee alama mbili tatu.

"Najua unajisikia vizuri. Namba haina shangazi, baba. Wala haina mkwe. Ningekuwa na uwezo wa kukuongezea, si ningekuwa nimeshakuongezea?"

Akashusha macho. Kisha akanyoosha mguu mmoja mbele.

"Viatu," akasema.

Wifi ndiye aliyemvalisha, machozi yanamdondokea kwenye kamba. Mume wangu alileta gari mpaka mlangoni, akaendesha na madirisha yote yakiwa wazi, na njia nzima hakusema kitu isipokuwa kuuliza, kila penye matuta, "Baba, uko sawa?" Na baba, kila mara, alijibu kwa kidole gumba, kwa sababu maneno alikuwa ameanza kuyabana matumizi.

Daktari alitusubiri langoni mwenyewe na kiti cha magurudumu. Mwalimu alipowekwa kitini alimshika mkono wa koti.

"Kijana. Lugha yako... sifuri."

"Samahani, mwalimu?"

"Atakueleza... huyu."

Nilimweleza tukitembea nyuma ya kiti. Alisimama katikati ya ukumbi, akajipiga paji la uso, akaanza kuhesabu kwa sauti ni wagonjwa wangapi amewaambia maneno yale. Nikamwambia aache, hesabu hiyo tutaifanya baadaye, sasa asukume.

Kabla jua halijazama baba alizidiwa, sawasawa na damu yake ilivyosema. Lakini alizidiwa akiwa kitandani, mrija wa mashine ya oksijeni ya kasi ukiwa puani, sindano ya kuzuia damu isigande ikiwa imeshachomwa na dawa ya kutuliza uvimbe ikiwa imeshaingia mwilini. Wauguzi walimgeuza alale kifudifudi ili mapafu yapate nafasi. Baadaye wakambadilishia barakoa kubwa inayofunika pua na mdomo, inayosukuma hewa kwa nguvu, na hapo hakuweza tena kusema.

Daktari alinijia akiwa amechoka. "Kama angekuwa bado nyumbani..."

"Hayupo nyumbani," nikamkatiza. "Yuko hapa. Tuendelee."

Watu huniuliza kama sikukata tamaa siku zile. Hapana. Nililia, hilo ni jambo jingine. Mimi najua vipimo vyangu haviponyi mtu. Vinachofanya ni kukutangulia mbele kidogo, ukute mlango haujafungwa. Baba mkwe alikuwa ameingia mlango ukiwa wazi, na nilikuwa nimemsukuma kwa mikono yangu miwili. Kila asubuhi nilipima damu yake kama ninavyopima ya mtu yeyote, nikapanda juu, nikavaa aproni na barakoa, nikasimama miguuni mwa kitanda na kumsomea.

"Baba, makosa yameongezeka kidogo."

Akafumba macho.

"Baba, makosa yamesimama palepale."

Akapepesa.

Wodini nako mambo yalibadilika. Daktari aliacha kabisa lile neno. Akifika kwa mgonjwa alisema, "Vipimo vya hatari vimepanda, na hiyo ni habari mbaya, umenielewa? Hebu nirudishie nilichosema." Wagonjwa walimrudishia kama darasani. Muuguzi yule aliyesahihishwa tahajia alisema sasa wodi imekuwa shule ya msingi kamili, imebaki kengele tu.

Kisha ikaja asubuhi moja ambayo nilisoma skrini, nikasimama, nikakaa tena. Nikarudia kupima, maana mimi ni mimi. Protini imeshuka. Mabaki yameshuka. Askari wamepanda, si wengi, lakini wamepanda. Nilipita ukumbini nikimkuta mume wangu kwenye benchi lake la kila siku, amekumbatia chupa ya chai.

"Zimeshuka," nikamwambia.

Uso ukamsawijika. Akashika ukuta. Halafu nikaona akili inamrudia, taratibu, imla ile yote anaipitia upya. "Ngoja. Zimeshuka. Kwa hiyo... nicheke?"

"Cheka, baba watoto."

Tukavaa aproni tukaingia wote wawili. Baba alikuwa amegeuzwa, amelala chali, macho wazi, ile barakoa kubwa imemwacha na mistari mashavuni. Nilisimama mahali pangu.

"Makosa yamepungua, baba. Yote. Na askari wanarudi."

Alinitazama. Kisha akatoa mkono chini ya shuka, akaunganisha kidole gumba na cha shahada, akatengeneza duara, akauinua juu tuuone vizuri.

"Anasema sawa?" mume wangu akaninong'oneza.

"Hapana. Anauliza sifuri lini."

Miaka yote ile aliyowagawia watoto wa watu sifuri hadi wakamwita hivyo, na sasa alikuwa amelala pale anaitaka ya kwake. Hakuna makosa. Hakuna hata moja.

"Bado, baba," nikasema. "Lakini unaielekea vizuri. Sikuongezei."

Akashusha mkono. Nikadhani amemaliza, nikageuka niondoke, damu za watu zilikuwa zinanisubiri. Nikasikia anagonga chuma cha kitanda kwa ukucha, ko, ko, ko, kama alivyokuwa anagonga ubao. Nikageuka. Alikuwa ananionyesha sikio lake, uso umekunjwa.

Sikuwa nimemsalimia.

"Shikamoo, baba."

Muuguzi alitaka kumzuia, lakini alishaisogeza ile barakoa kwa kidole, kidogo tu, upande mmoja.

"Marahaba," akasema.

Lilitoka zima, kwa pumzi moja.

"Sasa unalia nini," mume wangu akaniuliza, "na wakati zimeshuka?"